Nani Anayesema Katika Ibada? Tafakari juu ya Uhuru wa Kujieleza na Wimbo wa Usharika

Utangulizi

Katika mikutano ya wachungaji, na hata katika madarasa ya Liturgia, hoja ya uhuru katika ibada huletwa mara kwa mara, na mara nyingi huletwa kwa uchungu. Wapo wanaosema kwamba ibada yetu ya Kilutheri imefungwa, na kwamba vijana wanatuacha kwa sababu hawapewi nafasi ya kumsifu Mungu kwa mwili na sauti walizopewa na Mungu huyo huyo. Wapo wanaowajibu kwamba kinachoitwa uhuru ni fujo tu, na kwamba kanisa lililopokea urithi wa Matengenezo halina sababu ya kukimbilia kelele za jirani. Pande zote mbili hushika vitu na kuvishindania: ngoma au kinanda, makofi au utulivu, kitabu au kusema bila kitabu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mabishano hayo yameanza na swali la pili kabla ya la kwanza. Kabla ya kuuliza ibada itumie chombo gani, hatuna budi kuuliza ni nani anayepewa kinywa katika ibada hiyo. Usharika unaweza kuwa na ngoma, magitaa na vipaza sauti vyenye nguvu, na bado washarika wakatoka kanisani bila kusema neno kwa Mungu. Tena usharika unaweza kufuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, na mama mzee asiyejua kusoma akawa amesema na Mungu kuliko mchungaji wake. Tutalipima wazo hili kwa Maandiko, kwa maandishi ya Luther, kwa wimbo mmoja uliotoka katika chuo cha Makumira, na kwa hali tunayoiona Jumapili kwa Jumapili.

Ujasiri wa wana wa nyumbani

Agano Jipya lina neno lake kwa jambo hili. Ni neno la Kiyunani parresia, ambalo Biblia zetu kwa kawaida hulitafsiri kuwa ujasiri. Wasomaji wa Waebrania hulikuta katika sura ya 4, pale tunapoalikwa kukikaribia kiti cha neema, na tena katika sura ya 10, pale mlango wa patakatifu unapofunguliwa kwa damu ya Yesu. Asili ya neno hilo ni kusema yote. Katika mji wa Athene wa kale lilikuwa neno la baraza la wananchi: raia huru aliweza kusimama na kusema lililo moyoni mwake. Mtumwa hakuwa na haki hiyo. Mgeni na mwanamke nao walikaa nje ya baraza.

Mwandishi wa Waebrania analichukua neno la raia na kuwapa waliobatizwa wote. Katika Matendo sura ya 4 tunaliona likifanya kazi. Petro na Yohana, watu wasio na elimu machoni pa baraza, wanasema kwa ujasiri hata wakuu wanastaajabu. Na kanisa linapoomba katika sura hiyo, halimwombi Mungu awanyamazishe adui bali linaomba ujasiri huo huo. Hapa pana jambo ambalo mara nyingi tunalisahau. Ujasiri wa kusema mbele za Mungu hautokani na tabia ya mtu, kwamba mmoja ni mchangamfu na mwingine ni mpole. Unatokana na njia iliyofunguliwa na Kristo. Kwa hiyo, anayemziba mdomo mbatizwa katika ibada hajagusa desturi tu. Amegusa fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, na amegusa ukuhani wa waamini wote.

Sisi wachungaji tunapenda sana mstari wa mwisho wa 1 Wakorintho 14, unaotaka mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu. Tumeutumia kufunga vikao vingi vya wazee wa kanisa. Lakini utaratibu anaoutaka Paulo katika sura hiyo ni utaratibu wa watu ambao, kwa mujibu wa mstari wa 26, kila mmoja amekuja na kitu: huyu zaburi, huyu fundisho, huyu ufunuo. Penye mtu mmoja tu anayesema, hakuna haja ya maagizo kama hayo. Paulo anapanga zamu za wengi. Na kipimo chake kimo katika mstari wa 16: je, mtu wa kawaida aliyeketi pale ataweza kuitika Amina? Kipimo hiki cha Amina ndicho tutakachokitumia katika sehemu zinazofuata.

Luther na sauti ya mama

Ni jambo la kawaida kumwita Luther shahidi wa kila upande. Anayetaka mabadiliko husema Luther alibadilisha. Anayekataa husema Luther alihifadhi. Yote mawili ni kweli. Mwaka 1523 alitoa mpango wa Misa kwa Kilatini, na mwaka 1526 akatoa Misa ya Kijerumani. Katika dibaji ya Misa hiyo ya pili anaomba kwa bidii kwamba mpango wake usigeuzwe kuwa sheria ya kufunga dhamiri za watu. Hataki hata Kilatini kifutwe, kwa ajili ya faida ya vijana, na anasema kwamba kama ingewezekana angependa ibada ifanywe kwa zamu katika Kijerumani, Kilatini, Kiyunani na Kiebrania.

Mambo mawili katika maandishi yake yanatuhusu kwa karibu. La kwanza limo katika kitabu alichokiandika mwaka 1525 dhidi ya wale aliowaita manabii wa mbinguni. Anapoeleza kwa nini hajaharakisha Misa ya Kijerumani, anasema kwamba maneno na noti, mkazo, tuni na hata ishara za mwili sharti vitoke katika lugha ya mama na sauti yake, la sivyo kazi yote inakuwa uigaji kama wa nyani. Hayo ni maneno makali, na historia imeyafanya kuwa makali zaidi kwetu. Warithi wa Luther walipofika Afrika ya Mashariki, Misioni ya Leipzig huko Kilimanjaro mwaka 1893 na Bethel huko Bukoba mwaka 1910, walileta Injili, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini katika nyimbo nyingi walileta pia mkazo wa Kijerumani.

Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili mwenyewe kwa kufungua Mwimbieni Bwana. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho: Bwana, Mungu, neema, mwokozi. Tuni nyingi za Ujerumani na Uingereza humaliza mstari kwa sauti yenye nguvu katika silabi ya mwisho kabisa. Mfasiri akiweka jina la Bwana mwishoni mwa mstari kama huo, washarika wanalazimika kulikanyaga mwisho, mahali ambapo hakuna mama yeyote hulikanyaga anapomwita mwanawe au anapomwomba Mungu wake. Maneno yanaeleweka, mafundisho ni safi, lakini sauti ni ya mgeni anayejifunza kusema. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania wa Kanisa Katoliki, aliliona tatizo la muziki wa Kibantu na sheria za kanisa mapema, akaliandikia kitabu mwaka 1963. Nasi hatuna sababu ya kujifanya kwamba ni tatizo la madhehebu moja.

Hata hivyo, haki itendeke. Nyimbo hizo zilizotafsiriwa zimezeeka pamoja nasi. Tumewaona wazee wakizikwa kwa nyimbo hizo, na tumewasikia wagonjwa wasioweza tena kufumbua macho wakizimaliza beti kwa kichwa. Kitu kilichoingia kama cha mgeni kimeolewa katika ukoo. Kwa hiyo hatusemi zifutwe. Tunasema tu kwamba Luther mwenyewe angetuuliza kwa nini tulichelewa sana kuzitungia jamaa.

Jambo la pili limo katika ile dibaji ya 1526. Baada ya Misa ya Kilatini na ya Kijerumani, Luther anaeleza namna ya tatu ya ibada: Wakristo wa kweli wakutane nyumbani kusali, kusoma, kubatiza na kupokea sakramenti, bila mapambo mengi. Anakiri kwamba bado hana watu wa kuianzisha. Tutairudia namna hii ya tatu mwishoni, maana tunaamini kwamba sehemu yake imepatikana kwetu.

Wimbo wa mwanafunzi wa Makumira

Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, ambaye alikuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, aliandika wimbo wa Pasaka unaoanza kwa kuwaalika watu wafurahi. Wimbo huo unatumia tuni ya asili ya nchini mwetu. Howard Olson, mmisionari kutoka Marekani aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo za aina hii katika kitabu cha Tumshangilie Mungu, na kwa tafsiri zake zikavuka bahari. Ulrich Leupold aliutafsiri wimbo wa Kyamanywa kwa Kijerumani mwaka 1969, na leo unakaa katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, kati ya nyimbo za Pasaka. Wimbo wa Wilson Niwagila wa kumwomba Roho Mtakatifu nao umefika katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani cha mwaka 2006.

Wengi wetu husimulia habari hiyo kwa fahari kisha tukaishia hapo. Sisi tunapenda kuuliza zaidi: wimbo huo umefanya nini hata ukapendwa hivyo? Tukiuchunguza tunaona mambo matatu.

Kwanza, beti zake zinasimulia. Zinatuchukua kaburini, zinatuonyesha malaika akisema na wanawake, kisha zinatutuma kwenda kupeleka habari. Aliyeimba beti zote amehubiriwa Injili ya Pasaka, na ameihubiri. Hisia zinafuata tendo la Mungu, hazitangulii. Nyimbo nyingi za sifa tunazozisikia leo hufanya kinyume: humwambia mwimbaji afurahi, na humrudishia agizo hilo mara nyingi, lakini hazimwambii sababu. Furaha isiyo na sababu huchosha, na aliyefiwa juma hilo hawezi kuifuata.

Pili, kiitikio chake ni cha wote. Katika ngoma zetu na katika kazi za shambani, kiongozi hutoa na watu hupokea. Mpangilio huo ni mwalimu mkubwa wa kanisa kuliko tunavyodhani, kwa maana humpa nafasi yule asiye na kitabu. Baada ya ubeti mmoja mtoto wa miaka 6 anakijua kiitikio, na bibi asiyesoma anakijua. Hapo kipimo cha Paulo kinatimia: mtu wa kawaida ameitika.

Tatu, tuni na maneno vimelelewa pamoja. Mwimbaji hapambani na lugha yake. Hili ndilo alilolitaka Luther mwaka 1525, nalo lilitimia mikononi mwa mwanafunzi chini ya Mlima Meru.

Lakini hatuna budi kuongeza neno moja la hadhari. Mara nyingi nyimbo hizo husifiwa kwa kuwa ni za Kiafrika, kana kwamba sifa hiyo inatosha. Tumshangilie Mungu imekusanya tuni za makabila mbalimbali. Mmeru anayeimba tuni ya Wahaya anaimba wimbo wa wageni kwa kiasi fulani, kama vile Mjerumani anayeimba namba 116. Wote wawili wanaimba kwa uhuru, kwa sababu wimbo umewapa mahali pa kusimama. Kwa hiyo asili ya wimbo si kipimo cha kutosha. Tukisema kwamba ibada isiyo na ngoma si ya Kiafrika na kwa hiyo haina uhuru, tumeugeuza uhuru kuwa amri. Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, katika fungu la 10, ilikwisha kutufundisha kwamba jambo ambalo Neno la Mungu halikuliamuru wala kulikataza hupoteza uhuru wake pale linapolazimishwa. Aliyekataza ngoma kwa jina la Injili alikosea. Anayeilazimisha kwa jina la Injili anakosea vilevile.

Mwezi Januari 1996 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilitoa Tamko la Nairobi kuhusu ibada na utamaduni. Tamko hilo lilitaja njia nne ambazo ibada huhusiana na utamaduni: ni ya watu wote pasipo kujali utamaduni, huchukua sura ya mahali, huupinga utamaduni penye uovu, na hupokezana na tamaduni nyingine. Tunawafundisha wanafunzi wetu njia hizo nne, nazo zinasaidia. Ila zinaelekeza macho yetu zaidi kwenye utamaduni kwa jumla, na utamaduni hausemi wenyewe. Husemwa na watu, na kati ya watu wapo wanaosikika na wasiosikika. Hapo ndipo swali letu la kwanza linaporudi.

Uhuru uliohamia jukwaani

Tulialikwa kuhubiri katika usharika mmoja wa mjini, ambao hatutautaja. Ilikuwa ibada ya furaha, yenye watu wengi. Tulihesabu, kwa kuwa mwalimu wa Liturgia ana tabia hiyo mbaya. Kwaya nne ziliimba, kila moja nyimbo mbili au tatu, kwa kinanda cha umeme na spika zilizotetemesha madirisha. Wimbo wa usharika mzima ulikuwa mmoja na nusu. Ule wa pili ulikatizwa kwa sababu muda ulikuwa umepita. Wakati wa sadaka mama mmoja wa makamo aliyeketi upande wa kushoto alianzisha wimbo. Waliomzunguka wakaupokea, ukaanza kukua. Kijana wa kinanda hakumsikia, akaanza kupiga wa kwake. Mama akanyamaza. Hakuna aliyekusudia ubaya wowote.

Katika mkutano wa wazee baada ya ibada tuliambiwa kwa furaha kwamba siku hizi usharika huo una uhuru mkubwa katika ibada. Hatukubisha, maana tulikuwa wageni. Lakini tulijiuliza uhuru huo ulikuwa wa nani. Kwaya walikuwa nao, mpiga kinanda alikuwa nao, na mhubiri, yaani sisi wenyewe, tulikuwa nao kwa dakika 40. Washarika mia kadhaa walikuwa wasikilizaji. Walipiga makofi kwa kila kwaya, na makofi hayo yalifanana sana na yale ya ukumbini.

Hatuandiki haya kwa dharau ya kwaya. Kwaya zimekuwa shule ya Biblia, ya Kiswahili na ya uongozi kwa vijana wengi wa kanisa hili, na wapo wachungaji wengi walioitwa na Mungu wakiwa wameshika daftari la kwaya. Wala hatuandiki kwa chuki ya kinanda. Kijana aliyezaliwa mjini, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili na sauti alizokua nazo ni za redio, ana haki ya kuleta sauti hizo kwa Mungu. Kwake ndizo sauti ya mama. Tunachosema ni hiki: Matengenezo yaliuchukua wimbo kutoka kwa makasisi na waimbaji wa Kilatini yakaurudisha kwa watu. Sisi, tukidhani tunafunguliwa, tumeanza kuurudisha kwa wachache. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza walitumia Kilatini na hawa wanatumia vipaza sauti.

Kosa letu kwa mama aliyefiwa

Uhuru wa kujieleza ukitajwa, wengi hufikiri furaha peke yake. Lakini kitabu cha Zaburi, ambacho ndicho kitabu cha ibada cha Israeli na cha kanisa, kina maombolezo mengi mno, na Zaburi ya 88 inakwisha gizani bila neno la faraja. Mungu aliruhusu maneno hayo yaingie katika ibada yake. Je, sisi tunayaruhusu?

Hatuna budi kuungama hapa. Tulipokuwa wachungaji wapya, miaka ishirini na zaidi iliyopita, tulizika mtoto mchanga katika mtaa mmoja wa usharika wetu. Tulikuwa katikati ya maneno ya maziko mama wa mtoto alipoanza kulia kwa wimbo, katika lugha ya kwao. Ulikuwa wimbo wa maombolezo wa zamani, lakini alikuwa akiliweka ndani yake jina la Yesu na kumwuliza maswali. Tuliona kwamba ibada inavurugika. Tukapaza sauti kusoma, kisha tukawapa kwaya ishara waimbe. Kwaya waliimba vizuri, na mama akazibwa.

Jioni mzee wa kanisa, mtu mwenye umri wa baba yetu, alitusindikiza njiani. Alitembea muda mrefu bila kusema. Kisha akasema, "Baba Mchungaji, usinielewe vibaya. Yule mama alikuwa anaomba." Tulimjibu kitu juu ya utaratibu. Akasema, "Ndiyo, Baba Mchungaji," wala hakuongeza neno.

Ilichukua miaka kabla hatujaisoma vema habari ya Hana katika 1 Samweli 1. Hana anaomba huku midomo yake ikitikisika tu, na kuhani Eli, aliyeketi penye mwimo wa mlango wa hekalu, anadhani amelewa. Eli si mtu mbaya. Ni mtu wa ibada aliyezoea sura moja ya maombi, na sala ya kweli ilipokuja kwa sura nyingine hakuitambua. Heri yake alikubali kusahihishwa, akageuza karipio lake kuwa baraka. Sisi hatukurudi kwa yule mama siku ile. Ndiyo maana swali hili kwetu si la darasani tu.

Utaratibu kama mlinzi wa wadogo

Je, basi tuiache liturgia ili kila mtu aseme atakavyo? Hasha. Huo ungekuwa uhuru wa wenye sauti kubwa. Tumeshiriki ibada zisizo na kitabu, na katika baadhi ya hizo tumeona mtu mmoja akisali kwa dakika 20, akihubiri ndani ya sala, akiwakaripia watu ndani ya sala, na hakuna awezaye kumjibu kwa sababu anasema na Mungu. Palipo na liturgia, mchungaji hana uwezo wa kumnyima msharika ungamo lake, wala msamaha wake, wala Bwana utuhurumie yake, hata kama mchungaji ameamka na hasira. Maneno hayo ni mali ya usharika. Yamewekwa pale ili yule ambaye hana neno, kwa msiba au kwa uzee au kwa aibu, akute neno limeshaandaliwa, kama mgeni anayekuta chakula kimefunikwa.

Kwa hiyo utaratibu na uhuru si maadui. Utaratibu mzuri ni ule unaohesabu vinywa na kuona kwamba hakuna kilichosahauliwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika fungu la 7, linasema kwamba kwa umoja wa kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na matumizi ya sakramenti, wala si lazima desturi za wanadamu zifanane kila mahali. Tukiyakubali hayo kati ya Ujerumani na Tanzania, tuyakubali pia kati ya usharika wa mjini na mtaa wa kijijini, na kati ya kizazi na kizazi. Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, alifundisha kwamba Mkristo ni huru asiye chini ya mtu, na papo hapo ni mtumishi wa wote. Katika ibada maana yake ni kwamba uhuru wangu hupimwa kwa Amina ya jirani yangu.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo machache ya kutenda, maana uhakiki usio na tendo ni kelele nyingine tu. Mchungaji ahesabu, Jumapili moja, dakika ambazo usharika mzima umesema au kuimba, na dakika ambazo umesikiliza, kisha azilete hesabu hizo kwenye baraza la wazee. Kwaya zipewe wito wao wa kwanza, yaani kuufundisha usharika kuimba. Kwaya moja ikiongoza wimbo ambao kanisa lote linaupokea imefanya kazi kuliko nne zilizopokezana jukwaa. Mpiga kinanda afundishwe kusikiliza kabla ya kupiga. Katika maziko, nafasi iachwe, hata kama ni ya dakika chache, ambayo wafiwa wanaweza kulia, kunyamaza au kuimba kwa lugha yao bila kufunikwa. Na wanafunzi wetu wa theolojia watunge, kama alivyotunga yule wa 1966. Wasiridhike na kunakili kutoka katika kanda na redio.

Mwisho, tuziangalie upya ibada za nyumba kwa nyumba. Katikati ya juma, katika sebule ndogo au chini ya mwembe, mwalimu wa shule husoma, mama muuza ndizi huomba, kijana huanzisha wimbo, na mchungaji akiwapo huketi mkekani kama wengine. Luther alitamani jambo la namna hiyo mwaka 1526 akasema hana watu. Sisi tunao watu, na mara nyingi tunawaona kama kazi ya ziada ya mwinjilisti. Tujifunze kutoka kwao, ili kile kinachopatikana Jumatano chini ya mwembe kisipotee Jumapili mbele ya madhabahu.

Yule mzee wa kanisa amekwisha kulala katika Bwana. Tukipita mtaa ule bado twasikia neno lake la njiani. Mungu atupe sisi tunaoketi penye mwimo wa mlango masikio ya kumtambua anayeomba.